Nati Tatu za Fielder Nyeupe

Mashine ya kufungua nati haijaribiwi juu ya meza. Muuzaji akiiwasha kwenye kaunta ikalia vruuu, halafu akakutabasamia, jua bado hajakuonyesha kitu. Hata kinyozi ana mashine inayolia.

Hayo nilimwambia Waringa siku hiyo, saa nane mchana, dukani kwake Barabara ya Kirinyaga. Waringa ni mwanamke wa Kiambu mwenye sauti ya kuuza ng'ombe, na spana zote anazijua kwa kuzishika tu. Alikuwa ameniwekea mashine tatu za betri, zile mafundi huita impakti: ya buluu, ya manjano na nyekundu.

"Baba Ryan, chukua hii nyekundu. Ni volti mia moja ishirini na nane. Inafungua mpaka lori."

Nikaichomoa betri nikaipima kwa mkono. Ilikuwa nyepesi kama sabuni iliyotumika. "Hapa ndani kuna seli tano, Waringa. Seli tano ni volti ishirini na moja basi. Hiyo mia iko kwa stika."

"Kwani hesabu ulisomea wapi?"

"Niliachia darasa la tano. Lakini betri nimefungua nyingi kuliko wewe."

Akacheka. Mimi sikucheka. Stika kama hizo hupita mchana kweupe mbele ya watu wanaolipwa mshahara kuziangalia, na anayeumia ni fundi wa kando ya barabara. Wakubwa wa nchi hii hawajawahi kufungua nati hata moja.

Nilihitaji mashine hiyo kwa sababu kifundo cha mkono wangu wa kulia kimekwisha. Miaka ishirini na sita nimefungua magurudumu mtaani Muthangari kwa spana na bomba, napanda juu ya bomba na kuruka. Mwezi uliopita msichana mmoja wa flati za Kileleshwa aliniangalia nikiruka, akasema, "Mzee, utaanguka." Sikuanguka, lakini hakurudi tena.

"Sawa, jaribu basi," Waringa akasema, akinionyesha gurudumu lililofungwa kwenye stendi ya chuma mlangoni.

"Hilo? Nati zake mmezipaka grisi kama sufuria ya chapati. Hata mtoto atazifungua kwa vidole. Mimi nataka nati iliyokaa mvua mbili."

Waringa akaangalia nje. Mbele ya duka, gurudumu la nyuma kushoto likiwa karibu na miguu yetu, ilikuwa imesimama Toyota Fielder nyeupe. Vioo vya nyuma vilikuwa vyeusi, hakikuonekana kitu ndani.

"Mwenyewe ameingia kwa Muindi kununua wiper," akasema kwa sauti ya chini. "Fungua moja, rudisha, hakuna mtu atajua. Si ndivyo nyinyi mafundi hufanya kila siku?"

Ndivyo tunavyofanya. Sitadanganya. Barabara ile yote, mashine hujaribiwa kwa gari la mtu ambaye hayupo. Unafungua moja, unarudisha, unakaza. Hiyo ndiyo sheria yetu: moja.

Nikachukua ya buluu. Nati ya kwanza ilitoka. Ya pili ilitoka kwa taabu. Ya tatu ikakataa, na taa ya betri ikawa nyekundu. Nikaiweka chini. Ya manjano ilifungua ya tatu kwa kugusa tu, na mkono wangu haukusikia hata uchungu. Sikuamini, nikajaribu ya nne. Ikatoka vilevile.

"Umeona?" Waringa akasema.

"Ngoja nione nyekundu, usije ukasema nimeionea."

Nyekundu ililia, ikatoa harufu ya waya ulioungua, lakini mwishowe nati ya tano nayo ikatoka. Ndivyo nilivyojikuta nimechuchumaa na nati zote tano mikononi, na gurudumu limeshikiliwa na uzito wa gari peke yake. Sijawahi kufanya hivyo katika maisha yangu. Ni ile furaha ya mkono kutouma.

"Ni ya manjano," nikamwambia. "Nifungie."

Nikarudisha nati mbili kwa vidole, kuzishikiza tu. Tatu zilikuwa bado mkononi pale mtu alipopiga kelele upande wa chini: "Minyororo! Minyororo wanakuja!"

Watu wa minyororo ni wale wa kufunga magari yaliyosimama vibaya. Wakija hawaji kwa magari tu, bidhaa za kwenye veranda nazo hupanda lori lao. Waringa alinishika kwa ukosi wa ovaroli, akanivuta ndani pamoja na mashine zake, akateremsha mlango wa bati. Giza likaingia. Nje tukasikia viatu, makelele, magari yakiwashwa yote kwa pamoja.

"Waringa, fungua. Lile gari."

"Nyamaza wewe. Unataka nipoteze duka?"

"Nati, Waringa!"

Alipoinua mlango, pengine dakika tatu zilikuwa zimepita. Mbele ya duka palikuwa na doa la mafuta na karatasi ya kufungia wiper. Fielder ilikuwa imeondoka.

Nikafungua kiganja. Nati tatu.

"Hatujaona kitu," Waringa akasema. Uso wake ulikuwa umebadilika rangi. "Baba Ryan, nisikie. Hukuwa hapa. Mimi sikukuona."

Nikakimbilia kwa Muindi, mlango wa tatu. Muindi ni Mkamba mpole anayeuza wiper na taa. Nikamuuliza mwenye Fielder ni nani.

"Ni mama tu wa ofisi. Alikuwa na kasichana kake ka sweta ya kijani. Kamenichekesha, meno ya mbele yametoka yote mawili." Akaniangalia vizuri. "Mzee, unaumwa?"

"Alilipa kwa simu?"

"Ndiyo."

"Nipe namba."

"Namba siku hizi ni nyota nyota tupu, wamezificha. Jina ndilo linaonekana." Akasoma. "Wangu, jina la Kikuyu. Alisema anarudi Kileleshwa."

Waliozificha wana sababu zao, na sababu zao hazijawahi kunisaidia mimi. Nikatoka mbio.

Lenox alikuwa ananingoja karibu na mzunguko wa Globe, pale bodaboda hujificha kwa kuwa mjini haziruhusiwi. Ni kijana wa kwetu upande wa Vihiga, steji yake iko karibu na ninapofanyia kazi, na ndiye aliyenileta mjini. Alikuwa anakula ndizi.

"Baba Ryan, umenunua?"

"Washa. Fielder nyeupe. Imeelekea Kileleshwa, gurudumu la nyuma halina nati."

"Nani ametoa?"

"Washa pikipiki, Lenox!"

Kutafuta Fielder nyeupe Nairobi ni kama kutafuta kunguru mweusi. Kabla ya kufika Museum Hill tulikuwa tumepita sita. Kwa kila moja niliinama kuangalia gurudumu la nyuma kushoto, na kila mara nilikuta nati zote tano zimekaa kama meno mazuri. Moja niliigonga dirisha kwa haraka, dereva akanitukania mama yangu. Nilimshukuru Mungu kwamba ni mwanamume na hana mtoto.

Nilikuwa napiga hesabu kichwani. Nati mbili za vidole. Mjini kuna foleni, gari linatambaa, nati zitashika. Lakini barabara ikifunguka, gurudumu litaanza kucheza, na kila likicheza nati itajifungua kidogo. Nimeshaona gurudumu likitoka. Halianguki pale pale. Hulipita gari mbele kwanza, kana kwamba lina haraka yake, na dereva hulitazama akijiuliza ni la nani.

Tuliiona Riverside, mahali barabara inapoteremka kwenye miti. Nilijua kabla ya kuhesabu nati. Gurudumu lilikuwa linayumba, linaingia na kutoka kama mtu mlevi anayetafuta mlango.

"Ndiyo hiyo," nikasema.

Lenox akapanda kando yake upande wa dereva. Niliona mwanamke wa miaka arobaini hivi, mwenye miwani, na kupitia dirisha lake, kwenye kiti cha nyuma, kichwa kidogo chenye riboni. Nikagonga kioo kwa ngumi, ngumi ile yenye nati.

"Mama Wangu! Simama! Gurudumu lako linatoka! Wangu! Simama!"

Aligeuka. Nimewaona watu wakiogopa, lakini sijawahi kuogopwa hivyo. Macho yake yalitoka kwangu yakaenda kwa Lenox, yakarudi kwenye ngumi yangu iliyoshika chuma. Halafu akakanyaga mafuta.

Fielder ikaruka mbele. Gurudumu likapiga kelele, tak-tak-tak-tak.

"Anakimbia nini huyu?" Lenox akapaza sauti. "Mwambie tena!"

"Lenox, punguza."

"Si tutamkosa?"

"Punguza, nimesema! Anatukimbia sisi!"

Hapo ndipo nilipoelewa nilichofanya. Kila mwenye gari Nairobi anajua hiyo. Wanakuja wawili kwa pikipiki, wanakuambia gurudumu lako linatoka, gari lako linatoa moshi, unasimama, wanakuvamia. Mimi mwenyewe huwaambia wateja wangu: mtu akikwambia gurudumu linatoka, usisimame, endesha mpaka palipo na watu. Nimewaambia mamia. Na mimi nilikuwa nimemwita kwa jina lake. Jambazi anayejua jina lako, hilo ni jambo la kukufanya upasue barabara.

Kwa hiyo tukabaki nyuma, mita mia, mia na hamsini, mimi nikinyoosha shingo. Tukiwa karibu anakimbia, na akikimbia linatoka. Tukiwa mbali sina la kufanya ila kutazama. Sijui lipi lilikuwa baya zaidi.

Nimewahi kutazama hivyo. Mke wangu Selpher alikufa kwenye benchi la hospitali kule nyumbani, akingoja kupelekwa hospitali kubwa. Ambulensi ilikuwa pale nje, nyeupe, imeoshwa, imekaa juu ya mawe manne. Magurudumu yalikuwa yakingoja sahihi ya mkubwa fulani aliyekuwa kwenye semina. Mimi, fundi wa magurudumu, nilisimama dirishani nikiitazama ambulensi kwa saa sita. Tangu siku hiyo sijawahi kumsamehe mtu mwenye kalamu.

Lakini pale Riverside sikuwa na mtu wa kalamu wa kumlaumu. Nilijaribu. Nilisema ni watu wa minyororo. Nilisema ni Waringa. Nati zilikuwa zimenikwaruza kiganja mpaka damu.

Tulipoingia barabara ya Ring Road Kileleshwa kulikuwa na tuta. Halikupakwa rangi, halina kibao, ni mgongo wa lami tu uliowekwa na watu ambao hawapiti hapo. Fielder ililipanda kwa kasi. Nikaona kitu kidogo kikiruka kutoka kwenye gurudumu, kikang'aa mara moja juani, kikabingirika kuelekea mtaroni.

"Ni nini hiyo?" Lenox akauliza.

"Ni nati."

"Zimebaki ngapi?"

"Moja."

Nikamsikia Lenox anaomba Mungu kwa Kiluhya, polepole, kama mtu anayehesabu.

Barabara ilipopinda niliona, kwa dirisha la dereva, mkono wa yule mama ukienda sikioni. Alikuwa anapiga simu. Taa yake ya kushoto ikawaka, akapunguza, na Fielder ikakata kona kuingia kwenye lango lenye vyuma vya buluu na bendera. Kituo cha polisi. Alikuwa amefanya kama ninavyowafundisha wateja wangu.

Lenox akasimamisha pikipiki ng'ambo ya barabara. "Baba Ryan, mimi hapa siingii. Hii pikipiki haina bima, na leseni imekwisha Januari."

"Sikuambii uingie."

"Na wewe pia usiingie. Si amesimama? Mungu amesaidia. Twende."

Ilikuwa kweli kwamba amesimama. Lakini nilijua yatakayofuata kama ninavyojua jina langu. Polisi watamuuliza, watatoka nje na bunduki, watakuta barabara haina mtu. Watamwambia, mama, wezi wametoroka, nenda salama. Atawasha gari lile, na mtoto nyuma, na nati moja.

Mara ya mwisho niliyoingia kituo cha polisi nilienda kuripoti jeki yangu imeibwa, nikalala ndani mimi. Wakubwa wa nchi hii hawana mahali pengine pa kumweka mtu maskini anayekuja na maneno. Nikavuka barabara. Sikuweza kuvuka haraka. Nilivuka kama mtu anayeingia majini.

"Simama hapo! Mikono juu!"

Alikuwa koplo mrefu, bunduki imenielekea kifuani. Kwenye kibao cha jina kifuani niliweza kusoma: Mwendwa. Nyuma yake yule mama alikuwa ameshuka, amemkumbatia mtoto.

"Ndiye huyo! Ndiye huyo! Anajua mpaka jina langu!"

Nikainua mikono.

"Umeshika nini? Tupa chini!"

"Siwezi kutupa, afande."

"Nimesema tupa!"

"Zikibingirika zikaingia kwa mtaro, huyu mama hana kitu cha kufungia gurudumu. Nakuomba. Nitafungua mkono polepole." Nikapiga magoti kwenye kokoto, nikafungua kiganja. "Ni nati za gari lake. Angalia gurudumu la nyuma kushoto. Ukikuta nadanganya, nipige."

Koplo alimwita askari wa kike aliyekuwa mlangoni, akamwambia anishikilie pale pale. Akaenda nyuma ya Fielder. Akainua mguu kulipiga gurudumu.

"Usipige teke!" nikapiga kelele mpaka mtoto akaanza kulia.

Koplo akashusha mguu. Akainama. Alikaa ameinama muda mrefu.

"Mama," akasema, "njoo uone."

Yule mama alikuja, akaona. Skrubu nne zilikuwa uchi, na kwenye ya tano nati imening'inia kwa uzi wa mwisho. Aliigusa kwa kidole kimoja nayo ikazunguka. Akarudi nyuma hatua mbili na kuweka mkono mdomoni. Halafu akanigeukia.

"Nani alizitoa?"

Niliwaza maneno mengi. Kulikuwa na maduka, na minyororo, na stika.

"Ni mimi," nikasema. "Kirinyaga Road. Nilikuwa nachagua mashine, nikaijaribu kwa gari lako."

"Ukaijaribu kwa gari yangu."

"Ndiyo, mama."

"Na mtoto wangu?"

Koplo akanifunga pingu mkono mmoja kwenye benchi la chuma chini ya mti wa jakaranda, hatua kumi kutoka kwenye gari. Nikawaambia wanipe spana, nifunge, wanifungie baadaye. Yule mama akakataa.

"Huyu hagusi gari yangu. Nitafunga mwenyewe."

"Umewahi kufunga, mama?" koplo akamuuliza.

"Sijawahi. Wewe je?"

Koplo akaangalia bendera. "Mimi kwetu nilikuwa na punda."

Askari wa kike akacheka, koplo akamkazia macho, akanyamaza. Basi ikawa mimi wa kusema kutoka kwenye benchi, na mama wa kufanya. Nikawaambia jeki iko wapi chini ya zulia la buti. Nikawaambia wainue kidogo, gurudumu likae sawa kwanza. Koplo akainua. Mama akapiga magoti kwa sketi yake ya ofisi na kuanza kuzungusha nati kwa vidole.

"Usifuate mzunguko, mama! Ruka. Ukikaza ya juu, enda ya upande wa pili."

"Usinipigie kelele!"

"Samahani. Ruka tu, tafadhali."

Wakateremsha gari. Nikamwambia apande juu ya spana, akanyage. Akashika bega la koplo, akapanda na viatu vyake vya kisigino, spana ikalia nyiii. Nati nne. Ya tano ilikuwa kule kwenye tuta. Kila alipokanyaga mimi nilikuwa nakaza meno. Kutoka mbali huwezi kusikia nati ikishika. Hiyo husikika kwa mkono, na mikono haikuwa yangu.

Alipomaliza akapangusa paji la uso, akaacha mstari mweusi.

"Imekaza?"

"Naona imekaza."

"Unaona, ama unajua?"

Kudanganya kungekuwa rahisi. "Skrubu zimeliwa kidogo kwa ule mchezo wa njiani. Nne zinatosha kufika nyumbani polepole. Hivyo ndivyo ninavyoamini."

Alinitazama, akamtazama mtoto aliyekuwa amekaa kwenye ngazi ya kituo na karanga za yule askari wa kike. Akafungua mlango wa nyuma, upande wa kushoto.

"Basi panda. Kaa juu ya hiyo gurudumu. Tutaenda mpaka kwa lile tuta na kurudi. Kama inatoka, itoke na wewe."

"Mama, mfungwa haruhusiwi..." koplo akaanza.

"Afande, wewe kaa mbele na bunduki yako."

Hakuna aliyebisha. Koplo akanifungua kutoka benchini, akanifunga mikono yote miwili, nikapanda. Kando yangu kulikuwa na mkoba wa shule na chupa ya maji yenye picha ya sungura. Gari lilipotoka langoni nililaza sikio kwenye mlango.

Miaka ishirini na sita nimesema "imekaza, nenda," na wenye magari wakaenda, nami nikarudi kwenye kiti changu. Sikuwahi kukaa juu ya neno langu. Kila kokoto iliyopiga chini ilinipitia mgongoni. Gari lilienda ishirini, thelathini. Kwenye kioo niliona macho ya mama, hayakuwa barabarani, yalikuwa kwangu, yakinisoma usoni kujua kama nimesikia kitu.

Tulifika kwenye tuta. Magurudumu ya mbele yakapanda. Nikafumba macho. Ya nyuma yakapanda, yakashuka, na chini yangu kukatoka sauti moja ndogo: tk.

"Ni nini hiyo?" mama akauliza.

"Sijui."

"Hujui?"

"Inaweza kuwa jiwe. Inaweza kuwa nati imekaa mahali pake. Geuka polepole. Usikanyage breki ghafla."

Koplo alikuwa ameshika dashibodi kwa mikono miwili, bunduki imelala mapajani. Turudi, akasema, turudi tu. Ilikuwa kama mwendo wa dakika nne. Jasho lilinishuka likaingia ndani ya pingu.

Tulipoingia langoni mama akazima gari, akabaki ameshika usukani.

"Shuka," akaniambia.

"Bado, mama. Zikishatembea lazima zirudiwe. Chukua spana tena."

Alishuka bila kuuliza. Ya kwanza haikusogea. Ya pili haikusogea. Ya tatu, alipoikanyaga, ikazunguka robo nzima, taratibu, mbele yetu sote. Koplo akapiga mluzi. Mama akasimama pale juu ya spana akiniangalia, na nikaona amefikiria ninachofikiria: robo hiyo ingekuwa nusu akifika kwake, na kesho asubuhi njiani kwenda shule ingekuwa mzunguko mzima.

Alizirudia zote mara tatu. Mara ya mwisho hazikusogea hata kidogo, na bado akazirudia. Halafu akamwita mtoto, akamweka nyuma, upande wa kulia, mbali na lile gurudumu, na kumfunga mkanda. Mtoto akanipungia mkono kwa kuwa hakuna aliyemwambia mimi ni nani.

"Fundi aangalie tena kesho kabla hujaenda mbali," nikamwambia. "Fundi mwingine. Na anunue nati ya tano, na skrubu mpya."

Fielder ikatoka langoni, ikakata upande wa kulia.

Koplo Mwendwa akanivuta ndani kwenye kaunta, akafungua kitabu kikubwa, akalamba kidole na kutafuta ukurasa.

"Haya, mzee. Jina lako kamili."

Dirisha lilikuwa wazi upande wa barabara. Upande huo aliokata, lazima apite tena juu ya lile tuta.

"Ngoja kidogo, afande," nikasema. "Hawajafika kwenye tuta."

Alifungua mdomo kunifokea. Halafu akaweka kalamu chini, na tukasikiliza pamoja.